Mashimo Saba ya Jiwe la Guka

"Weka hiyo jiwe chini, Thuo!"

"Siweki."

"Nimesema weka chini! Wewe ni nani wa kubeba hiyo kitu? Hata mimi siibebi hivyo!"

"Ndiyo nauliza, Baba. Mbona huibebi? Mbona kila siku lazima uifunge na gunia kwanza?"

Gerishon, babake Thuo, aliangalia mlango, akaangalia dirisha, akashusha sauti kidogo, halafu ikapanda tena yenyewe. Alikuwa amevaa koti yake ya kanisa, tai imekaza shingo mpaka mshipa umesimama. Meza ya sebuleni ilikuwa imejaa vikombe za wageni, thermos mbili, na mkate imekatwa ikafunikwa na kitambaa. Wazee wa ukoo walikuwa njiani. Wangeingia, wakunywe chai yao pole pole, halafu Tata Mwihaki, dadake Gerishon, aitwe kutoka chumba yake ya nyuma. Angewekewa hiyo jiwe mbele. Angeshika jiwe na mkono moja, na ule mwingine apitishe nyasi kwa kila shimo, na kila shimo aape kwamba Guka, babu ya Thuo na baba yao, alimwachia zile vyumba za nyuma ya ploti ya familia. Kama anadanganya, jiwe imuue.

"Ni wewe uliitoboa," Thuo akasema.

"Nini?"

"Mashimo. Si Mungu. Ni wewe."

Kofi ilikuja, lakini haikufika. Mkono ya Gerishon ilisimama hewani karibu na jiwe, ikarudi haraka kama imeona moto. Thuo akaona hiyo, na hiyo ndiyo ilimtia baridi kuliko kofi yenyewe.

Wacha tuelewane kuhusu hiyo jiwe kwanza. Guka alipokuwa kijana bado analima mahindi hapo Riruta, kabla ya ploti, kabla ya Naivasha Road kujaa vibanda, jiwe ilitoka juu mchana peupe ikaanguka kwa shamba, na mlio kama lori imemwaga kokoto. Nyeusi, nzito, kubwa kama kichwa ya mtoto. Guka aliifunga kwa gunia akaisukuma chini ya kitanda, na hakuna mtu aliruhusiwa kuifungua. Watoto wake walikua wakijua iko hapo. Kuiona, sahau. Siku chache baada ya Guka kuzikwa ndiyo Gerishon akaitoa mbele ya ukoo wote, na wazee wakashika vichwa. Jiwe ilikuwa na mashimo saba, na zote zimepita mpaka upande ule mwingine.

Kama wewe si wa huko labda hujui. Wakikuyu wa zamani walikuwa na jiwe ya kuapia, wanaiita githathi. Lazima iwe na mashimo saba, na lazima hizo mashimo ziwe kazi ya Mungu mwenyewe. Zikitobolewa na mtu, hiyo si githathi tena, hiyo ni jiwe ya kujengea choo. Na hii ya Guka ilikuwa imetoka mbinguni! Nani angebisha? Gerishon alikuwa mzee wa kanisa, na hata wenzake wa kanisa walikuwa hapo siku hiyo, na wote walinyamaza tu. Jumapili Yesu, siku ingine jiwe.

Wa kwanza kuapa alikuwa Wachira, kaka mkubwa wa Gerishon. Walikuwa wanagombania upande wa barabara, ule uko na maduka. Wachira alipitisha nyasi zake, akasema Guka alimpa, hata akacheka, akarudi kwa chai yake. Mvua ndefu ya mwaka uliofuata haikumkuta. Alikonda, akakohoa, akabaki kama shati imeanikwa kwa msumari. Watu hawakwenda kumwona. Waende kufanya nini, na jiwe ishaongea? Bibi yake alibeba watoto akarudi kwao Kinangop bila hata kufunga mlango. Toka hapo watu wa mtaa wakifika hiyo geti wanavuka, wanapitia upande ule mwingine wa njia. Na maduka ni ya Gerishon.

Sasa ilikuwa zamu ya Tata Mwihaki. Huyu alirudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, anasuka watu nywele Kenyatta Market, kando ya wachoma nyama, jioni anarudi akinuka moshi ya nyama choma hata kama hajaonja. Ni yeye alimlea Thuo mama yake alipokufa. Alimfundisha kufunga kamba za viatu. Akiwa fom foo, mwaka wa mtihani, alimpikia chai ya kusomea mpaka Thuo akachoka chai. Kila mtu wa hiyo ploti alijua Guka alimpenda, lakini wale walisikia akimpa vyumba wote wako chini ya udongo. Gerishon akasema, "Kama ni ukweli, si aape tu." Ikawa hivyo.

Thuo hangejua chochote kama si kazi. Mitihani ilimwacha pahali hapana mbele hapana nyuma, na yeye ni mtu hatulii, akikaa nyumbani siku mbili kuta zinamkaribia. Akapata kubeba simenti na mabati Kirinyaga Road, kwa hadwea ya Mzee Alkarim, Mhindi mwenye duka ya vifaa vya kujenga. Mzee Alkarim ana binti, Fatema. Nyumba yao ni Lavington, mtaa wa matajiri, ndani ya ukuta, lakini Fatema alilelewa kwa hiyo duka, na Kiswahili yake ni ya mtaa kuliko ya Thuo. Alikuwa ng'ambo anasomea mawe za kutoka juu, vimondo. Desemba alikuja likizo, na kila siku alikuwa anakuja duka anakaa juu ya simenti na mahindi choma yake, ndimu na pilipili imejaa vidole.

"We Thuo. Unajua Mwezi ilizaliwa lini?"

"Mimi hata yangu nauliza Tata. Ya Mwezi nitaijulia wapi?"

"Sikiza sasa. Zamani sana, kabla hata kuwe na maji, kitu kubwa kama sayari ilikuja ikagonga hii dunia yetu. Twaa! Vipande zikaruka juu, zikazunguka, zikashikana. Hiyo ndiyo Mwezi. Mtoto wa ajali."

"Na nani alikuwa hapo kuona?"

"Eeh! Hapo ndiyo umeuliza swali." Fatema alimnyooshea gunzi. "Dunia haiwezi kukuambia. Iliyeyuka, ikajikoroga. Ni kama kuuliza mlevi alianguka mtaro gani. Lakini kuna vimondo hazijawahi kuyeyuka. Ziko vile zilikuwa siku ya kwanza. Ndani yake kulikuwa na chuma fulani, hafniamu, yenye inageuka pole pole inakuwa chuma ingine, tungsteni, mpaka ile ya kwanza inaisha kabisa. Hiyo ni saa, Thuo. Inaenda mara moja tu halafu inasimama. Unapima tungsteni ya kimondo, unalinganisha na ya yale mawe yaliletwa kutoka Mwezini, unajua hiyo ajali ilitokea saa imefika wapi."

"Na imefika wapi?"

"Wakubwa bado wanagombana. Wengine wanasema miaka milioni thelathini baada ya mwanzo, wengine wanasema ongeza. Lakini wote wanaenda kwa kimondo. Kimondo ndiyo shahidi. Alikuwa hapo, na hajui kudanganya."

Hiyo neno, shahidi, ilimwingia Thuo ikakaa. Akamwambia kuhusu jiwe ya nyumbani. Fatema aliacha kutafuna.

Jumapili moja Baba akiwa kanisani, Thuo alivaa glavu za kazi, akafungua gunia, akapiga ukingo wa shimo moja na patasi mpaka kipande kama punje ya maharagwe ikatoka. Akampa Fatema aende nayo ng'ambo. Hakutaka kulipwa chochote. Alitaka tu kitu ya kwao ifike mahali yeye mwenyewe hajafika.

Sasa hiyo wiki ya kiapo, Julai, Fatema akarudi. Hakukaa kwa simenti.

"Thuo, kuja hapa. Ulinipea nini?"

"Si jiwe?"

"Jiwe ni ya ukweli. Imetoka juu, hiyo sina shida nayo. Lakini hiyo kipande imejaa tungsteni mpaka nikadhani mashine imeharibika. Na si ya huko juu. Ni ya hapa hapa chini, ya kiwanda, na imekuja na kobalti. Profesa wangu aliniuliza kama nilipimia gereji. Miezi nzima natafuta Mwezi, kumbe nimepata hadwea!"

Thuo alicheka. Fatema hakucheka. Alizunguka kaunta ya baba yake, akatoa biti ya drili, ile ya kutoboa ukuta, akamwonyesha ncha. Ilikuwa na kachuma kadogo ka rangi ya kijivu, kameunganishwa hapo juu kama jino ya bandia.

"Hii ncha unaona? Hii ni tungsteni. Kobalti ndiyo inaishikanisha. Ikipita kwa jiwe inaacha yake ndani, na hiyo haioshwi. Kuanzia hapo shahidi wako ameharibika, kila kitu atasema ni ya drili." Akaweka biti chini. "Ulitoa kipande wapi?"

"Kando ya shimo."

"Na nani alitoboa hilo shimo, Thuo?"

Magari zilikuwa zinapiga honi huko nje Kirinyaga Road, mtu anasukuma mkokoteni akiitisha njia. Thuo alisikia hizo zote kama ziko ndani ya debe.  Aliona Uncle Wachira kitandani, na bakuli ya kutemea, na dirisha limefungwa.

Aliomba aende na hiyo biti.

Na ndiyo hapo tuko sasa, Jumamosi, jua haijaonekana tangu wiki ianze, mawingu ya Julai imekaa juu ya Riruta kama mfuniko wa sufuria.

"Nani amekujaza hiyo takataka?" Gerishon alikuwa anauliza. "Ni hao Wahindi wako? Wanajua nini kuhusu sisi? Wanataka jiwe waende wauze!"

 Thuo aliegemeza jiwe kwa nyonga, akatoa biti mfukoni, akaingiza kwa shimo. Iliingia kama kidole kwa pete. Haikucheza hata kidogo. Akaitoa, akaingiza kwa shimo ya pili. Akaitoa, akaingiza kwa ya tatu.

"Biti namba ishirini," akasema. "Kwani Mungu pia hununua biti Kirinyaga Road?"

Gerishon alitafuta kiti na mkono bila kuangalia, akakaa. Ghafla alikuwa mzee. Koti ilikuwa kubwa kuliko yeye.

"Ukoo ilikuwa inakulana," akasema. "Hukuwa umefika umri wa kujua. Guka hajaoza na tayari watu wanapimana na panga. Nikasema, kama wangekuwa na kitu wanaogopa. Mwongo aogope, mkweli ashike, tumalize. Nilitoboa nikiwa peke yangu, hapo nyuma. Nilivunja biti nyingi. Na ilikuwa inatoa harufu, Thuo. Kama kiberiti. Kama nywele inachomeka."

"Na Uncle Wachira?"

Gerishon alilegeza tai.

"Baba. Uncle Wachira?"

"Wachira alisema ukweli."

Huko nje kuku alilia mara moja akanyamaza. 

"Maduka yalikuwa yake," Gerishon akaendelea, macho kwa vikombe. "Nilijua ni yake. Alikuwa amesimama hapo ulipo, anapitisha nyasi, anacheka, na mimi najiambia moyoni, si kitu, ni jiwe tu, nimeitoboa mimi mwenyewe. Wazee watamwamini na mambo yaishe, nitafute njia ingine. Halafu akaanza kukonda."

"Alikuwa anakohoa kitambo. Mtaa mzima ulijua. Ni kifua, Baba! Angepelekwa hospitali!"

"Nani angempeleka? Walikuwa wanamwogopa."

"Wewe!"

"Mimi nilikuwa namwogopa kuliko wote." Gerishon aliinua macho sasa, na Thuo akatamani asingeyainua. "Nilienda mara moja tu, mwisho mwisho. Akanishika hapa, kwa koti. Hii koti. Akaniuliza, Gerishon, mbona inaniua na sikudanganya? Unajua hiyo swali iko wapi saa hii? Iko hapa ndani. Imekuja kanisani na mimi. Nimepata jibu, na si ile ungetaka. Ilikuwa kitu safi ya Mungu na mimi nikaitoboa. Sasa haijui ukweli, haijui uongo. Inajua tu mkono wenye umeishika."

Thuo alikumbuka Fatema akiweka biti chini. Shahidi wako ameharibika. Yeye alisema hivyo juu ya chuma. Huyu alikuwa anasema juu ya nini?

"Basi wewe unaamini inaua," akasema pole pole. "Unaamini kabisa. Na umemwita Tata aishike."

"Hataishika. Mwihaki ni mwoga tangu utotoni, hata chura alikuwa anakimbia. Ataingia, ataiona, atalia, kesho atafunga vitu vyake. Hakuna mtu ataumia."

"Ameoga asubuhi na maji baridi. Amevaa nguo yake ya kanisa, ile ya bluu. Nimempata anachagua nyasi hapo kwa ua, anazilinganisha urefu. Nikamwambia Tata, usiende. Akaniambia, mtoto wangu, mtu wa ukweli ataogopaje jiwe? Atashika, Baba. Atashika mbele ya wote."

 Gerishon aliinua kitambaa ya mkate, akaangalia mkate, akaifunika tena, akanyoosha pembe za kitambaa moja moja vizuri.

"Basi," akaambia meza, "itakuwa vile itakuwa."

Thuo alikuwa amesikia baba yake akitukana, akiomba, akihubiri, akilia matanga. Hiyo sauti hakuwa ameisikia. Haikuwa na mtu ndani.

"Shika wewe kwanza," akasema, na akanyoosha jiwe mbele.

"Thuo."

"Shika! Pitisha nyasi, sema vyumba ni zako. Si wewe ndiyo fundi wake? Shika!"

Gerishon aliruka kutoka kwa kiti akarudi nyuma mpaka kabati, vyombo zikalia ndani. Mikono alikuwa amezificha nyuma ya mgongo kama mtoto amenyimwa sukari. Wakaangaliana hivyo, baba na mtoto, na jiwe katikati.

Geti ilikwaruza. Fimbo kwa simenti, kikohozi ya mzee, mwingine anasema hii baridi ni ya kuua ng'ombe. Kicheko kidogo. "Wenyewe mko?" mtu akaita. Na huko nyuma ya nyumba, mlango ya Tata Mwihaki ikafunguka. Thuo aliijua kwa bawaba yake, aliisikia maisha yake yote.

"Ukiwaambia hao wazee neno moja," Gerishon alinong'ona, "wewe si wangu. Nitakutamkia na hii mdomo, unanisikia? Na laana ya mzazi haihitaji jiwe."

"Tamka basi."

Alirudisha biti mfukoni na akageuka. Mlango ilikuwa hapo, na dirishani kofia za wazee zinapita zikielekea mbele ya nyumba, na kutoka upande ule mwingine kitambaa ya bluu inakuja, inatembea bila haraka.

"Kijana."

Ilikuwa sauti laini. Haikuwa na hasira tena, na Thuo akasimama kwa sababu hiyo.

"Wachira aliishika mara moja tu," Gerishon akasema. "Kidogo tu, akaiachilia. Wewe umeikumbatia."

Thuo aliangalia chini. Leo hakuwa amevaa glavu, hakukumbuka hata. Vidole vyake vilikuwa vimeingia kwa mashimo, kila kimoja na lake, vile mtu hushika kitu nzito bila kufikiria, na havikuwa vinasikia baridi wala joto. Vumbi nyeusi ilikuwa imempaka shati kifuani. Ni jiwe, akajiambia. Jiwe na chuma ya kiwanda. Fatema ameipima na mashine. Kitu kadogo kakamkuna kooni, kavu, na akakameza kabla hakajawa kikohozi.

"Tata!" akaita. "Tata, simama hapo hapo! Usinikaribie!"

Akakaza mikono, akatoka na jiwe yake, na kwa sababu hakuwa na mkono mtupu, alifunga mlango na kisigino.